Jamaa wa Ndalambo aliyetaka kukusanya bunduki za vita vya Marekani, akakuta gobore la babu ghalani

Kuna fundi mmoja wa kuchomelea pale Ndalambo, wilaya ya Momba, jina lake kapuni. Mageti anatengeneza, madirisha anatengeneza, mkokoteni ukivunjika ekseli unapelekwa kwake. Ana miaka ishirini na kitu, ana mchumba mwalimu wa shule ya msingi, na kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa na cha kumsema. Leo ukifika kijiweni ukauliza Jenerali yuko wapi, hata mtoto mdogo anakuonesha.

Hilo jina la Jenerali limetokana na YouTube, wadau.

Ilikuwa masika, kazi hakuna, barabara za ndani matope tupu, watu wote wako mashambani. Jamaa akanunua bando la usiku, akawa anatafuta namna ya kuchomelea bomba jembamba bila kulitoboa. Simu ikamletea mzee wa Kizungu amekaa gereji kwake huko Marekani, ameshika bunduki ndefu kama mchi wa kutwangia, anaielezea taratibu kama mtu anayemsifia mkwe. Kiingereza cha jamaa ni kile cha kidato cha nne, lakini chuma hakihitaji mkalimani. Akaangalia ya kwanza, akaangalia ya pili, alipokuja kushtuka jogoo wanawika na bando limekata.

Kwa asiyejua, huko Marekani kuna watu kazi yao wikiendi ni kukusanya bunduki za vita vyao vya zamani. Vita vya kujitoa kwa Mwingereza, 1775 mpaka 1783. Vita vya pili na Mwingereza huyo huyo, vilivyoanza 1812. Halafu vile walivyochapana wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, 1861 mpaka 1865. Na sheria ya serikali yao kuu imewalegezea: bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo inahesabika kitu cha kale, kuinunua hakuna makaratasi mengi kama bunduki ya leo. Mtu anaitundika ukutani sebuleni, wajukuu wanapiga nayo selfi.

Jamaa akanogewa. Akawa na daftari. Akaandika kwamba bunduki ya Waingereza waliyokuja nayo 1775, ile inayoitwa Brown Bess, tundu la mtutu wake ni kama milimita 19. Ya Wafaransa, Charleville, ambayo Wamarekani waliletewa kwa maelfu ili wapigane, ni kama 17.5. Ile ya Springfield ya mwaka 1861 ni kama 14.7, na ndani ya mtutu ina mifereji inayoizungusha risasi ili iende mbali na iende sawa. Fundi ukimtajia milimita umemshika pabaya.

Akajifunza na ujanja wa hao wazee. Kwamba anayeanza anunue kwanza kitabu, bunduki baadaye. Kwamba aanze na za 1861, kwa sababu zilitengenezwa nyingi mno na bado zipo. Za 1775 ni chache, bei inatisha na feki zimejaa. Kwamba kabla ya kusifia mti na kitako, mtu aangalie bamba la mtambo, kile kipande cha chuma cha pembeni chenye kufyatua, maana huko ndiko kuna mhuri wa kiwanda na mwaka. Bunduki nyingi zilizaliwa za gumegume, yaani jiwe linapiga chuma, cheche inaangukia baruti. Baadaye zikabadilishwa zikawa za fataki. Sasa matapeli wa leo wanazirudisha tena gumegume ili zionekane za zamani zaidi wapandishe bei. Na kosa kubwa kuliko yote ni kuchukua msasa ukasugua kutu mpaka chuma king'ae. Ukifanya hivyo umeua thamani yake. Hili lilimuuma jamaa, maana yeye kila kitu kikifika kwake kinaanza na msasa.

Basi bwana, akaamua na yeye aanze mkusanyiko wake. Ndalambo hapo hapo.

Ana binamu yake anaendesha lori Marekani. Akamtumia ujumbe wa sauti: ndugu yangu, nitafutie hata moja mbovu, hata mtambo tu, weka kwenye mzigo wa nguo. Binamu akajibu kwa kicheko cha karibu dakika nzima, mwisho akasema, "We ndugu yangu unataka kunifunga huku na wewe ukafungwe huko."

Na ukweli ndio huo. Bongo hakuna cha bunduki ya kale ya kutundika sebuleni. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kwa sheria hiyo gobore nalo ni silaha, linataka kibali kama bastola inavyotaka. Maombi yanaanzia serikali ya kijiji, yanapanda kamati za ulinzi na usalama, yanafika polisi. Kamati inataka kujua unailinda nini. Hobi haijawahi kulinda kitu. Tena kwa fundi wa kuchomelea ndio mbaya zaidi, maana magobore mengi yanayokamatwa kwa majangili yametengenezwa na mafundi wa mtaani kwa mabomba ya maji. Fundi anayeulizia bunduki anajitafutia wageni wa usiku.

Angeishia hapo, pasingekuwa na stori. Ila siku moja mama yake, akiwa anachambua maharage, kamsikia anamweleza rafiki yake habari za mitutu. Mama akasema bila hata kuinua macho, "Si ile ya babu yako ipo ghalani kwa baba yako mdogo."

Jamaa alikuwa ameshaisahau. Utotoni waliambiwa wasiiguse, wakaambiwa ina mizimu, wakaacha. Jumapili akaenda kwa baba mdogo, shikamoo, marahaba, chai na viazi, halafu akaomba kuiona. Mzee akafurahi kweli. Watoto wa siku hizi huwa hawaulizi vitu vya babu zao. Akapanda mwenyewe ghalani, akashuka na kiroba cha mbolea kimefungwa kamba za katani.

Na stori ya ukoo ikaja na kiroba. Kwamba babu mzaa babu alikuwa tengatenga, mpagazi wa Waingereza kwenye vita ya Mjerumani. Kwamba Wajerumani walipopita huku wakikimbizwa, wakapigana pale Fife, ng'ambo ya mpaka, yeye aliiokota hiyo bunduki kwa askari aliyekufa, akarudi nayo nyumbani usiku. Kwa bunduki hiyo ukoo ulikula nyama, ulifukuza nguruwe na nyani mashambani, uliheshimika. Baba mdogo akaeleza hayo yote akiwa amesimama, kiganja kiko juu ya kitako.

Sasa hapa ndipo elimu ya YouTube inapogeuka kuwa balaa.

Jamaa akaigeuza. Kitu cha kwanza alichokiona ni mtutu. Hakuhitaji daftari. Lile lilikuwa bomba la maji, limekatwa, limezibwa nyuma kwa kazi ya fundi wa kijijini, tena fundi mzuri. Akashuka kwenye mtambo. Hapo moyo ukaruka. Ule mtambo haukuwa wa kijijini. Bamba limekatwa kwa kiwanda, skrubu zake sawasawa, na chini ya kutu, akiinamisha kwenye jua, kulikuwa na taji la kifalme na herufi tatu zinazosomeka: O, W, E. Pembeni kidogo 1 na 8, halafu kutu imekula.

TOWER. Ni mhuri wa London, na alikuwa ameshauona mara mia kwenye simu. Upo kwenye Brown Bess. Upo kwenye zile Enfield ambazo pande zote mbili za vita vya Marekani vya 1861 walizinunua Uingereza kwa malaki. Yaani mtoto wa Ndalambo aliyekuwa anaomba atumiwe mtambo toka Marekani, ndugu wa mtambo huo alikuwa juu ya mahindi ya baba yake mdogo miaka yote.

Ulifikaje? Hilo halina uchawi. Wamarekani wenyewe walikuwa Zanzibar mapema sana, walisaini mkataba na Seyyid Said mwaka 1833 na kuanzia 1837 wakawa na balozi wao pale, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Ile nguo bibi zetu waliyoiita amerikani ilitoka kwao. Ila hawakuleta nguo tu, walileta bunduki na baruti, wakarudi na pembe za ndovu. Halafu miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yakahamia bunduki za kupakia risasi kwa nyuma, na yale magobore ya kushindilia kwa mdeki yakawa makapi. Makapi yakauzwa Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza pale Zanzibar alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia kwa mwaka. Zikapanda bara na misafara. Mwaka 1890 wakubwa walikutana Brussels wakazuia bunduki za kisasa zisiuzwe huku kwetu, ila zile za gumegume zisizo na mifereji wakaziachia mlango. Ndio maana gobore lilibaki vijijini miaka na miaka. Wao walipanga sisi tubaki na makapi, na tukabaki nayo kweli.

Kwa hiyo jamaa alikuwa ameshika kitu cha maana. Tatizo ni stori ya ukoo, na angekuwa na akili angenyamaza. Hakunyamaza.

Vita ya Mjerumani ilipigwa kwa bunduki gani? Askari wa von Lettow-Vorbeck walianza 1914 wengi wao wakiwa na Mauser ya mwaka 1871, inayotoa moshi mpaka adui anajua umejificha wapi. Hiyo inapakiwa kwa nyuma. Waingereza walikuwa na za komeo, kwa nyuma. Wareno walionyang'anywa silaha pale Ngomano, Novemba 1917, nao ni hivyo hivyo. Ni kweli jeshi lile lilipita huku, likashuka toka Njombe na Mbozi, mwanzoni mwa Novemba 1918 likaishambulia Fife likashindwa, likaenda kuteka Kasama, na tarehe 25 Novemba likasalimu amri Abercorn, ndiyo Mbala ya leo. Von Lettow mwenyewe kaandika walichokabidhi: bunduki 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno, na za rashasha 37 ambazo 30 ni za Kiingereza. Mpaka mwisho hata Mjerumani hakuwa na bunduki ya Mjerumani. Na hakuna popote kwenye orodha hiyo gobore la kushindilia kwa mdomo.

Jamaa akamweleza baba mdogo hayo yote, kwa furaha, akidhani anampa zawadi. Bamdogo, hii haikuokotwa Fife. Hii ni ya zamani kuliko vita. Imekuja na misafara, mtutu ukafa, fundi akaweka bomba.

Mzee akanyamaza muda. Akauliza, "Kwa hiyo babu yako alikuwa mwongo?"

"Hapana bamdogo, nasema tu..."

"Simu ndiyo inayojua kuliko babu yako."

Akaifunga kwenye kiroba. Chai ikapoa.

Kusema ukweli mzee ana haki yake. Mtu aliyebeba mizigo ya Waingereza porini, wenzake wakifa kwa njaa na kuhara na wengi wao makaburi hawana mpaka leo, amerudi na stori moja tu ya kujivunia. Halafu mjukuu wa mjukuu anaitengua kwa bando la usiku. Wala huwezi jua, pengine mzee wa watu kweli alirudi na kitu kutoka vitani, kikauzwa, kikapotea, na stori ikahamia kwenye gobore lililobaki. Stori za ukoo ndivyo zinavyofanya.

Mchumba alipopata habari hakuuliza ya mwaka gani. Aliuliza ina kibali? Jamaa akaanza kueleza habari za taji na London. Mwalimu akamkata. "Mimi siingii kwenye ukoo wenye bunduki isiyo na kibali. Siku ikikamatwa, atakayeulizwa ni wewe fundi, na mimi mke wa fundi kazi sina." Mahari ilikuwa imeshaongelewa, nusu imeshatolewa. Hakuwa anatania.

Mambo yakaangukia kwenye mwaka 2022. Septemba na Oktoba mwaka ule serikali ilitangaza msamaha: mwenye silaha isiyo halali aisalimishe kwa hiari, polisi au ofisi za serikali za mitaa, hashtakiwi. Redio zikatangaza, mtendaji akatangaza, misikitini na makanisani ikasomwa. Jamaa akarudi kwa baba mdogo na mama yake, na safari hii mama ndiye aliyeongea. Haijulikani alisema nini, walifungiana ndani. Walipotoka mzee akamsukumia kijana kiroba kwa mguu.

Mwezi wa kumi, usiku mmoja, jamaa alikuwa karakana peke yake na hicho kiroba. Bisibisi ipo. Skrubu mbili tu. Mtambo ule ukiutoa unaingia mfuko wa koti, gobore likasalimishwa bila mtambo, nani angeuliza? Polisi wanaletewa mabomba yasiyo na mitambo kila siku. Angekuwa na kitu namba moja cha mkusanyiko wake, chenye taji, cha mwaka elfu moja mia nane na kitu. Kitu ambacho mzee wa YouTube angekitolea machozi.

Hapa wadau mtagawanyika, na ni haki yenu. Kuna wa kusema angekitoa, kipande cha chuma hakiui mtu. Lakini kipande cha bunduki nacho kina sheria yake, na msamaha haukuwa wa nusu nusu. Kuna wa kusema angekipeleka makumbusho, na hao wana hoja nzuri kuliko wanavyojua: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kama ile 18 ilifuatiwa na 42, chuma kile ni mali ya historia. Kama ilifuatiwa na 71, ni chuma tu. Kutu ndiyo iliyokuwa imekalia jibu. Msasa ungelitoa, au ungelifuta moja kwa moja.

Hakugusa skrubu. Alichofanya aliweka karatasi juu ya bamba akasugua kwa penseli, kama watoto wanavyofanya na sarafu, mpaka taji likatokea. Akapiga picha pande zote. Akapima kila kitu kwa kalipa, akaandika. Asubuhi akapanda bodaboda na kiroba, akaenda kituoni.

Askari aliyempokea alikuwa kijana mwenzie, mpole tu. Hakuuliza imetoka wapi. Jamaa akauliza kwa adabu kama inaweza kwenda makumbusho, akaonesha taji. Askari akaangalia, akasema, "Kweli kuna kitu," akamwita mwenzie naye aone. Wote wawili wakaangalia. Halafu ikawekwa pembeni ya ukuta na magobore mengine manne, na silaha zinazosalimishwa mara nyingi mwisho wake ni kuteketezwa. Hakuna aliyemuahidi kitu.

Harusi ilifungwa. Baba mdogo alihudhuria, akakaa meza ya mbele, akala, akacheza kidogo, lakini na bwana harusi hakuongea zaidi ya salamu. Hilo bado halijaisha. Mama anasema mpe muda.

Mkusanyiko upo na unakua, ila ni wa karatasi. Safari moja alipita Sumbawanga, akavuka Kasesya mpaka Mbala, akaona alama za ile vita kwa macho yake. Anazunguka kwa wazee wa Kinyamwanga wenye babu waliokuwa tengatenga, anaandika wanavyosema hata kama milimita hazikubaliani, siku hizi habishani na mtu. Ile karatasi ya penseli ameiwekea fremu ya chuma, kachomelea mwenyewe, ipo sebuleni na mke hana neno.

Mwezi uliopita kuna mtu wa upande wa Laela alimtumia picha WhatsApp, bamba la mtambo, taji safi, TOWER yote inasomeka, na mwaka wake unaonekana kabisa: 1862. Anauliza, Jenerali, hii bei gani? Jamaa aliiangalia picha hiyo muda mrefu, akaikuza, akampa na mkewe aione. Halafu akaandika: ina kibali?

Tiki mbili za bluu zikatokea. Mpaka leo namba hiyo haipatikani.